Posa ya Barafu

Kilo thelathini na tano mgongoni mwangu, bi harusi,
kafungwa kwa majani makavu na blanketi la bibi yangu.
Katoka kwenye barafu nyeupe ya bonde letu,
ile itoayo maji. Wazee huiita jike.
Mehdi kabeba dume: jeusi, limejaa changarawe,
tumelivunja kwa sururu bonde la pili,
barafu bahili, isiyotiririsha hata kikombe.

Masharti mawili.
Usiseme neno mpaka shimoni.
Usitue mzigo chini.

Mimi nimezoea kusema. Miaka sita Karachi
nilisimama mlangoni mwa hoteli, karibu, karibu,
nikiwakaribisha watu wenye barafu ndani ya glasi
ambao waliiacha iyeyuke na kuondoka.

Tulipita pale ilipokuwa nyumba ya Bibi Kulsum.
Sasa pana mawe makubwa kama ng'ombe waliolala.
Ziwa la juu lilipasuka usiku, mwezi wa saba,
likashuka na matope, na miaprikoti, na mlango wake wa buluu.
Mwenyewe alikuwa anaokota kuni. Akatusalimu.
Hatukujibu.
Akasalimu tena, kisha akaona kamba,
akaona maji yanavyodondoka kwenye visigino vyetu,
akajiziba mdomo kwa ushungi, akatupisha
kama watu wanavyopisha jeneza.

Au harusi. Kwa mbali huwezi kujua.

Tone. Tone. Kila hatua bi harusi anapungua,
ananishukia uti wa mgongo, anaingia viatuni.
Wapo wasemao haraka haraka haina baraka.
Waje wabebe.

Babu yangu Abbas aliifanya safari hii akiwa na umri wangu.
Aliondoka alfajiri, akaigusa barafu
kabla chai haijapoa ndani ya chupa.
Sisi tumekwenda siku mbili juu ya kokoto tupu
zenye alama nyekundu za wapimaji kutoka Skardu:
mwaka ule ilifika hapa. Mwaka ule, hapa.
Ukiisimamia alama ya mwisho, barafu yenyewe
iko mbali kama sauti ya mtu anayekuita usingizini.
Shekhe Rustam aliitazama, akapima kwa jicho, akasema
mwakani hapa hapatakuwa na wa kuposa.

Tunayoinywa leo ni ile aliyoizika babu.
Yeye hakuonja hata funda.
Mama anasema kila kiangazi alipanda kuitazama,
akarudi jioni magoti yakimuuma, akaulizwa, akajibu:
bado.
Hilo tu. Miaka ishirini na mbili, bado.

Shimo liko upande usiojua jua.
Tulikuta mkaa, vumbi la mbao, makapi ya ngano,
vibuyu viwili vya maji ya mto.
Tukawalaza ubavu kwa ubavu, tukawafunika.
Dua ilikuwa fupi, vidole vilishaanza kufa ganzi.
Vigelegele havikuwapo.
Neno la kwanza baada ya siku mbili alilisema Mehdi:
"Kiatu changu kimetoboka."
Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Sasa ni miaka arobaini, wakipatana.
Wasipopatana, mimi sitakuwapo kuusikia mshtaka.
Sina mtoto. Mchumba mwenyewe sina,
nina deni la simu na meno mawili mabovu.

Lakini yuko mtu, jina lake bado halijapewa mtu,
atakayegombana na jirani yake juu ya zamu ya maji,
atakayeamka usiku na koleo, afungue mfereji
kabla ya saa yake, aibe dakika kumi,
na asubuhi aape kwa Mungu kwamba hakutoka nje.

Namtakia ugomvi huo.
Namtakia maji yanayotosha kuibwa.